Mwenye Ubapa

"Kwani huyu mtoto mnamlaza kwenye ubao?" aliuliza jirani wa mlango wa pili.

Alikuwa amefuata suruali ya mumewe iliyoletwa kupunguzwa urefu. Alipoona haijawa tayari, akambeba mtoto ili kupoteza muda, akapitisha kiganja kisogoni, na kiganja hakikukuta kisogo. Nyuma ya kichwa palikuwa bapa, zaidi upande wa kulia, kama mkate uliokatwa mwisho. Aliuliza bila ubaya. Ni mwanamke anayeuliza kila kitu, hata bei ya viatu ulivyovaa.

Kilikuwa chumba cha mbele, chenye cherehani ya kukanyaga karibu na dirisha, meza ya kukatia, pasi juu ya kigae, na sare za shule zimetundikwa ukutani za kila darasa. Mama wa mtoto alikuwa amesimama mlangoni, ndiyo kwanza katoka kazini posta, beji bado iko kifuani. Mama yake mzazi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Fundi, alikuwa ameketi kwenye cherehani na pini mdomoni.

Mtu mwenye pini mdomoni hujibu kwa kifupi. Bibi Fundi alisema, "Jumamosi huwa kwa bibi yake mwingine. Kule kitanda ni cha mbao."

Yote mawili yalikuwa kweli. Kila Jumamosi mtoto alipelekwa ng'ambo ya daraja kwa mama wa baba yake, na kitanda cha huko kilikuwa cha mbao. Bibi Fundi hakuongeza neno. Alitoa pini moja, akaichomeka kwenye pindo la suruali, akaendelea kukanyaga.

Maneno hayo yalitembea yenyewe. Mama wa mtoto aliyabeba pamoja na mfuko wa nepi, akafika nayo nyumbani, akamwambia mumewe wakati anavua viatu. Mumewe ni fundi umeme, mtu wa kupanda nguzo, si mtu wa kubishana.

"Mama kalea watoto sita," alisema.

"Sijakataa. Nimesema kitanda."

Jumamosi iliyofuata mtoto hakuvuka daraja.

Bibi wa Ng'ambo, kama walivyomwita kwa ajili ya lile daraja, alikuwa amepika katika shule ya bweni mpaka akastaafu, na bado alizungumza kana kwamba anaita mabweni yote kuja kula. Siku hiyo alichemsha maji ya kumwogeshea mjukuu, yakapoa, akayachemsha tena. Ndipo akapiga simu.

"Mume wangu yuko wapi leo?"

Mwanawe akasema mtoto ana mafua kidogo. Jumamosi ya pili mafua yalikuwa bado. Jumamosi ya tatu mwanawe hakupokea simu, na jioni yake alikwenda mwenyewe, akakaa kwenye ukingo wa kile kitanda, akamwambia mama yake habari ya kichwa huku akikwaruza gundi ya kidoleni. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama amekula.

Ukweli ni kwamba huko ng'ambo mtoto hakuwahi kukigusa kitanda. Alishinda mgongoni, amefungwa kwa shuka, bibi yake akifua, akifagia, akigombana na muuza mkaa juu ya ujazo wa gunia. Alilala mgongoni mwa bibi yake na kuamka papo hapo. Na Bibi Fundi alilijua hilo vizuri. Kila mtoto aliporudi kutoka huko alikuwa na mchirizi mwekundu shavuni, alama ya mshono wa blauzi. Fundi huusoma mshono popote atakapouona. Ule ulikuwa mshono wake mwenyewe. Blauzi ile aliishona yeye, zawadi kwa mkwe mwenzake siku watoto wao walipooana.

Kwa Bibi Fundi, ambako mtoto alishinda siku za kazi, mambo yalikuwa hivi. Sakafu ya fundi ina pini. Ufagie utakavyofagia, pini hubaki, na mtoto hawezi kuwekwa chini. Juu ya meza kuna mkasi na pasi. Basi alimshonea mto. Ulikuwa mto wa mabaki ya vitambaa, umejazwa vipande, una kingo zilizoinuka ili mtoto asiviringike, na katikati una shimo dogo la duara la kushika kichwa. Alimpima kwa futi kwanza, kama anavyompima mteja. Ilikuwa kazi safi. Mtoto alikaa mle kama yai ndani ya kikombe chake, uso ameelekezwa kwenye cherehani, maana mlio wa cherehani ulimtuliza.

Ulikuwa msimu wa kufungua shule. Nesi wa kliniki alisema mtoto ageuzwe mara kwa mara, na akiwa macho alazwe kifudifudi. Mama yake alilileta agizo hilo asubuhi moja, na Bibi Fundi akasema sawa, na moyoni alikusudia. Lakini kila alipotaka kuinuka kulikuwa na mkono mmoja wa shati uliobaki.

"Nakuja, mume wangu," alimwambia mtoto. "Nimalizie kola hii."

Mtoto alikuwa mtulivu mno. Wateja walimsifu. Ibadani akina mama walimshika Bibi Fundi mkono wakamwambia kwamba mjane anayelea huku anashona, Mungu anamwona. Mama wa mtoto, akija jioni kumchukua, alisimama kidogo kuutazama ule mto na kusema, "Mama, wewe huna mfano." Kichwa kilipoanza kulala upande mmoja, Bibi Fundi aliona mto unambana. Aliupanua kidogo upande wa kulia, kama anavyopanua nguo ya mtu aliyenenepa.

*

Chumba cha helmeti za kurekebisha vichwa vya watoto kilikuwa mwisho wa ukumbi wa hospitali, ukishapita wanaosubiri kung'oa meno. Fundi wake alikuwa mwanamume wa makamo, mikono mikavu, koti la kijivu. Alimvalisha mtoto soksi nyembamba ya kichwa, akampiga picha kuzunguka kichwa chote, mbele, pembeni, nyuma na utosini, na siku waliporudi alikuwa na helmeti nyeupe tayari mezani, nyepesi, ina sponji kwa ndani na mkanda pembeni.

Bibi Fundi aliishika akaigeuza. Hakuweza kujizuia. Alipitisha kidole ndani, akakuta sehemu ambayo sponji ilikuwa imekatwa ikaacha pengo.

"Hapa umeacha nafasi ya nini?"

"Hapo ndipo kichwa kitakapokulia, mama. Hatukibani. Tunashika pale palipotokeza, tunaacha wazi pale palipolala. Mtoto anakua, anajaza mwenyewe."

"Kama sare," alisema Bibi Fundi. "Unamshonea mtoto wa mwaka ujao."

"Hasa. Ataivaa mchana na usiku. Mtaivua akioga tu."

Mafundi wawili walitazamana kwa heshima. Mtoto aliutafuna mkanda wa helmeti.

Baba wa mtoto ni mtu wa nyaya, na mtu wa nyaya anataka kujua kila kitu kinatokea wapi na kinaishia wapi. "Na ule ubapa wenyewe," alisema, "unakwenda wapi?"

"Unahama," alisema fundi wa helmeti. "Ubapa haupotei. Unatoka kwa mtoto kadiri anavyopona, unakwenda kwa aliyemlaza."

Aliwaonyesha kwa kidevu karatasi iliyobandikwa juu ya sinki. Iliandikwa kwa herufi kubwa: UBAPA ULIOHAMIA KWA MTU MZIMA HAUTIBIWI HAPA. Chini yake, kwa herufi ndogo: Tafadhali funga bomba.

"Ahaa," alisema baba wa mtoto.

Mama wa mtoto aliuliza kama helmeti inaoshwa kwa sabuni ya kawaida. Akaambiwa ya kawaida, isiwe yenye manukato.

Bibi Fundi alirudisha helmeti mezani. "Unauma?" aliuliza.

"Kwa mtu mzima? Hauumi. Unakuja taratibu. Wengine hata hawajui mpaka waende kusuka. Wengine hufunga kilemba." Alikuwa amekwisha kugeukia mtoto na kumvalisha. "Mfupa wa mtu mzima umekwisha kukomaa, ndiyo maana hatuna la kufanya. Anakaa nao."

Mtaani watoto walimwona mtoto na helmeti yake nyeupe wakamwita Rubani, na kuanzia siku hiyo hakuitwa jina lingine. Walipita dirishani wakiuliza kama ndege imeshatua.

Nyumbani kila mtu alingoja, na hakuna aliyesema anangoja. Baba wa mtoto alinyoa upara wiki hiyohiyo, akasema ni joto. Mama wa mtoto alisuka nywele zikalala kabisa kichwani, mistari imenyooka, kila mtu aone umbo. Jirani wa mlango wa pili, kwa kuwa aliwahi kuachiwa mtoto mchana mmoja, alipita barabarani kiganja kikiwa kisogoni, na alipoulizwa akasema anaumwa shingo. Bibi Fundi alifunga kilemba. Lakini yeye alikuwa akifunga kilemba siku zote, mjane wa ibada, na hakuna aliyeona jipya.

Mto haukutupwa. Helmeti ilikuwa pana kuliko kichwa, haikuingia shimoni. Aliukata upya, akalipanua shimo likafuata umbo la helmeti, akaushona kwa uzi imara zaidi. Shule zilikuwa zimeagiza masweta.

*

Bibi wa Ng'ambo alivuka daraja kwa miguu, siku ya kazi, mchana kweupe, kichwa wazi. Nywele zake zilikuwa nyeupe na fupi, kazikata kwa mkasi wake mwenyewe. Alimkuta mwanawe kwa Bibi Fundi, amechuchumaa ukutani anatengeneza soketi ya pasi, na Rubani yuko ndani ya mto wake anatazama cherehani.

"Hodi hapa. Sijaja kukaa." Alikaa. "Nimesikia ubapa unahama. Haya, pima."

Aliinamisha kichwa mbele ya mwanawe.

"Mama, acha, bwana."

"Pima. Nguzo za watu unapanda, kichwa cha mama yako kinakushinda?"

Mwanawe aliweka koleo chini, akafuta mkono kwenye suruali, akauweka juu ya kichwa cha mama yake. Masikio yake yalikuwa yamewiva.

"Kiko sawa."

"Sawa vipi? Sema vizuri, na mkwe asikie."

"Kina mviringo, mama."

"Basi Jumamosi namtaka mume wangu."

Mwanawe alirudia koleo. "Bado mapema, mama. Fundi kasema huchukua muda. Tungoje."

"Mimi mtoto huyu kwangu hakulala. Nilimbeba. Waulizeni majirani zangu, waulizeni hata yule mwizi wa mkaa." Alimgeukia Bibi Fundi. "Na wewe, mke mwenzangu, unasemaje?"

Hivyo ndivyo alivyozoea kumwita, maana wote wawili mume wao alikuwa mmoja, naye wakati huo alikuwa akinyonya kidole. Utani huo ulikuwa ukiwachekesha mpaka wanafuta machozi. Bibi Fundi alitikisa kichwa na kuonyesha mdomo wake. Mdomo ulikuwa na pini. Alikuwa ameziweka pale alipomwona kupitia dirishani anavuka barabara.

Bibi wa Ng'ambo alimtazama kwa muda. Kisha akainamia mto, akagonga helmeti kwa kidole, taratibu. "Hodi, Rubani. Wenyewe wamo?"

Rubani alicheka kwa sauti, kicheko cha tumboni. Bibi Fundi, anayeshinda naye kila siku, hakuwa amewahi kukisikia kicheko kile.

Alipoondoka, hakuna aliyekwenda kuwauliza majirani zake.

*

Ubapa ulimfikia Bibi Fundi kama alivyoambiwa, bila maumivu. Kwanza chanuo lilianza kupita nyuma bila kupanda. Halafu alipojinyoosha kitandani baada ya chakula cha mchana, kichwa kilitulia palepale alipokiweka, hakikutaka kugeuka. Halafu ndoo ya maji ikawa inakaa kichwani bila kata ya nguo chini yake, wala haimwagiki tone. Upande ulikuwa wa kulia. Kila Rubani aliporudi kupimwa na kuambiwa anaendelea vizuri, asubuhi yake Bibi Fundi alipeleka mkono nyuma na kukuta kipande kingine kimekwenda.

Haukuja peke yake. Akilaza kichwa mahali, alisikia. Sauti ilitoka chini ya sikio, ndani ya foronya, na ilikuwa sauti ya cherehani, lakini kubwa, kama inavyosikika na aliye mdogo na aliye karibu. Kanyagio likipanda na kushuka. Mkasi. Mlango, mteja, salamu, mteja anaondoka. Halafu cherehani tena. Na katikati ya hayo, kutoka juu sana, sauti ya upendo ya mwanamke ikisema, "Nakuja, mume wangu. Nimalizie hii." Alisubiri, huku amelala macho yako wazi, amsikie mwanamke huyo anainuka. Kiti hakikusogea. Alisikia shati zima likishonwa, mikono, kola, vifungo, na kiti hakikusogea. Sauti ikarudia, kwa upendo uleule, "Nakuja."

Aliacha kujilaza mchana. Akawa anapumzika ameketi.

Alimwomba Mungu. Aliomba kwamba ubapa uende kwingine, na alipokuwa akiomba alijua kwingine ni wapi, ng'ambo ya daraja. Aliliacha ombi hilo katikati kama mtu aliyekamatwa mkono uko ndani ya sufuria ya watu. Akaomba basi aachiwe heshima yake tu. Alikuwa amekwisha kusema amina na kukunjua magoti kuinuka alipogundua kwamba katika maombi yake yote hayo hakuwa amemtaja mtoto. Alipiga magoti tena. Alibaki pale akiangalia uzi mweupe uliokuwa sakafuni.

Kwa kuwa alikuwa fundi, alifanya la ufundi. Alichukua mabaki ya flana, akayakata duara juu ya duara, kubwa kisha dogo, akayashona yakawa kisogo. Alikipachika chini ya kilemba, kwenye pengo. Alijitazama kwenye kioo cha wateja, akageuka pembeni. Kichwa kilikuwa kizuri kuliko cha awali. Hakuna aliyeweza kujua ila kwa kushika.

Siku moja alasiri alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, macho ameyafumba, kilemba kimeteleza na kile kisogo cha flana kimeangukia begani. Mama wa mtoto aliingia kumchukua mtoto mapema, bila kubisha. Bibi Fundi hakuwa amelala. Alisikia nyayo zikisimama. Alisikia binti yake akipumua, karibu, kwa muda ambao mtu angesoma barua fupi na kuirudia. Kisha vidole viliokota flana begani, vikairudisha mahali pake, vikavuta kilemba juu yake polepole, kama mtu anavyomfunika aliyelala asije akamwamsha. Halafu mfuko wa nepi ukachukuliwa, na Rubani akatolewa kwenye mto, na mlango ukafungwa kwa upole.

Kesho yake asubuhi mama wa mtoto alimleta Rubani kama kawaida. Alisema, "Nepi zote ni safi, mama." Bibi Fundi akasema, "Asante, mwanangu." Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Mama wa mtoto alimlaza mtoto mwenyewe ndani ya mto, akatengeneza ukingo uliojikunja, na mkono wake ukakaa kwenye ule ukingo. Mto huo alikuwa akiuona kila jioni, na kila jioni aliusifu. Kisha akaenda posta. Wateja walikuwa wamekwisha kupanga foleni.

*

Siku ya kuivua helmeti kabisa, walikwenda wote. Bibi wa Ng'ambo alikuja pia. Mwanawe ndiye aliyempigia simu, baada ya kukaa na simu mkononi jioni nzima. Bibi huyo alifika wa kwanza, kichwa wazi kama siku ile, amevaa ile blauzi. Alikaa kwenye benchi mikono ameipakata, na alipowaona wanakuja hakusimama.

"Mkwe," alisema.

"Mkwe," aliitikia Bibi Fundi.

Utani ulikuwa umeondoka kati yao, na walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya maji.

Fundi wa helmeti alifungua mkanda, akaivua. Kichwa cha Rubani kilikuwa mviringo, kina jasho, nywele zimelala. Fundi alizungusha futi huku na huku, akaangalia kwa juu, akaridhika. "Amejaza," alisema. "Kazi imekwisha." Bibi wa Ng'ambo alinyoosha mikono bila kuomba ruhusa ya mtu, akampokea mtoto, akamlaza begani. Mtoto alipeleka shavu moja kwa moja kwenye mshono wa blauzi, akakaa hapo.

"Na nani amepokea?" aliuliza fundi akiosha mikono. Aliuliza kama anayeuliza nani ameacha mwavuli mlangoni.

Baba wa mtoto alikuwa na upara wake, unang'aa kwa taa, mzima pande zote. Mama wa mtoto alikuwa na mistari yake ya nywele. Bibi wa Ng'ambo alikuwa na nywele zake fupi nyeupe. Kilemba kilikuwa kimoja tu chumbani. Bibi Fundi alihisi flana kisogoni, inawasha kwa jasho, na hakupeleka mkono. Safari hii hakuwa na pini. Mdomo wake ulikuwa mtupu kabisa, na lugha yote anayoijua ilikuwamo humo.

Alifungua mdomo.

"Hakuna," alisema mama wa mtoto. Alisema haraka, kwa sauti anayoitumia dirishani posta mtu anapoulizia kifurushi ambacho hakipo. "Tumeangaliana wote. Labda umepotelea njiani."

Fundi alifunga bomba. "Hutokea," alisema, ingawa dakika chache tu zilizopita mtu angemuuliza angesema haitokei. Alikuwa na mtoto mwingine anayelia nje. "Msimlaze upande mmoja tu. Abebwe. Awekwe chini acheze."

"Sawa," alisema mama wa mtoto.

"Sawa," alisema Bibi Fundi, na alikusudia, kama siku zote.

Bibi wa Ng'ambo alimtazama mwanawe. "Kwa hiyo Jumamosi?"

Baba wa mtoto aliangalia ile karatasi juu ya sinki kana kwamba ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Alimtazama mkewe, na mkewe akawa anatafuta kitu ndani ya mfuko wa nepi. Kuzirudisha Jumamosi kungetaka kusema kwa nini zilichukuliwa, na mwenye kusema hilo angelazimika kulisema hapo, mbele ya wote.

"Tutaona, mama," alisema. "Ngoja kwanza azoee."

"Azoee nini?"

Mtoto alikuwa amesinzia begani kwake.

Bibi wa Ng'ambo alisimama kidogo, akimpigapiga mgongoni. Kisha akamtoa begani taratibu, akavuka chumba, akamweka mikononi mwa Bibi Fundi. Alimweka vizuri, kiganja chini ya kisogo, kama anavyopewa mtu ambaye hajawahi kushika mtoto. Shavuni mwa Rubani mlikuwa na mchirizi mwekundu ulionyooka.

Alikuwa karibu sasa, kifua kwa kifua, na alikiona kilemba kilivyolegea. Mikono ya Bibi Fundi ilikuwa imejaa mtoto. Hakuweza kufanya lolote. Bibi wa Ng'ambo alikizungushia mikono kichwa cha mkwe mwenzake, akashika ncha mbili za kilemba, na vidole vyake vipana vya mpishi vikaminya pale nyuma. Flana ilibonyea. Vidole vilisimama. Vilibonyeza tena, taratibu, vikakifuata kile kisogo cha vitambaa ukingo kwa ukingo, vikashuka mpaka mfupani, upande wa kulia, palipokuwa bapa kama meza ya kukatia. Nyuso zao zilikuwa shibri moja. Bibi Fundi alinong'ona, "Mke mwenzangu."

Bibi wa Ng'ambo aliisawazisha flana ikakaa mahali pake. Alivuta ncha za kilemba, akakaza, akafunga fundo, akalipima kwa kidole kama haliwezi kufunguka. Kichwa cha Bibi Fundi kilipendeza, mviringo pande zote. Kisha alichukua mkoba wake kwenye kiti, akawapita mwanawe na mkwewe, akatoka.